Mbithe na Mstari wa Salamu

Mbithe ni mke wa kaka yangu Musyimi, na kabla sijasema lolote juu yake nataka ijulikane kwamba si mtu wa kulialia. Alizaliwa Kabati, kule Kitui, akaolewa huku kwetu Kilungu akiwa msichana mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Mama yetu alipomwona mara ya kwanza aliishika ile mikono akaigeuzageuza, akasema huyu ataiweza milima yetu. Akaiweza kweli. Ule mteremko wa nyuma ya nyumba, uliokuwa ukipoteza udongo kila mvua ikinyesha, Mbithe aliuchimba matuta mpaka ukatulia, akapanda machungwa na parachichi. Aliimba kwaya. Na popote wanawake walipokusanyika kutwanga muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa mpaka maganda yatoke, yeye ndiye aliyepewa mchi kwanza, kwa sababu akianza yeye wengine wanaona haya kuchoka.

Mimi naitwa Nduku. Siku za soko nauza mitumba Sultan Hamud, siku nyingine niko hapa nyumbani, ua mmoja na Mbithe. Nina mdomo, kila mtu anajua, hata marehemu mume wangu alijua. Kwa hivyo mkiona nimekasirika katikati ya habari hii mnivumilie, nitatulia niendelee.

Mbithe alipata uvimbe kwenye titi. Sitaki kueleza sana mambo ya hospitali, maana kila nyumba siku hizi ina yake. Alikatwa, akapewa kemo, nywele zikatoka, akapelekwa Nairobi kuchomwa mionzi. Kanisa lilisimama naye, hilo lazima niliseme. Wanawake walimletea uji, wakamlimia mbaazi, wakafunga na kuomba, na kila alipokwenda Nairobi kulikuwa na mtu wa kumsindikiza mpaka barabara ya Mombasa. Daktari aliposema picha imetoka safi, hakuonekani kitu, Jumapili iliyofuata Mbithe alisimama kanisani akashika maikrofoni, akasema, "Bwana asifiwe. Mimi nimepona." Watu walilia. Mimi pia nililia, na mimi huwa silii kanisani.

Pasta wetu Mulinge ni mtu mzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya. Siku ile alimwekea Mbithe mkono kichwani, akatufundisha jambo ambalo tumelisikia mara nyingi: ukishapokea uponyaji, usikiri tena ugonjwa. Mdomo una nguvu, alisema. Ukisema naumwa, umeufungulia ugonjwa mlango, nao unarudi na wenzake. "Mama Mutindi," akamwambia, maana Mutindi ndiye kifungua mimba wake, "kuanzia leo mtu akikuuliza unaendelea aje, jibu ni moja tu." Mbithe akajibu, "Nimepona." Kanisa zima likasema amina.

Shida ni kwamba daktari hakuwa amemaliza. Picha ilikuwa safi, ndiyo, lakini alimpa vidonge vya kumeza kwa miezi kadhaa, ili kama kuna chembe iliyojificha isipate nafasi. Mbithe alivimezea chumbani, mlango umefungwa, kama mtu anayeficha pombe. Angemwambia nani? Aliyepona anameza dawa ya nini? Mimi nilijua kwa sababu nilimkuta akichoma pakiti pamoja na takataka. "Wifi, hii ni ya kulinda tu," aliniambia. Nikasema sawa, nikamsaidia kukoroga moto.

Vile vidonge ndivyo vilivyomharibu mikono. Kwanza viganja viliwaka moto, akasema ni kama ameshinda akisaga pilipili. Kisha vikavimba, vikawa vyeusi, ngozi ikaanza kubanduka vipande vipande. Nyayo vilevile. Alama za vidole zikafutika, hata simu yake aliyozoea kuifungua kwa kidole ikamkataa. Hospitalini walikuwa wamemwonya. Walimwambia mikono ikianza hivyo aje aseme. Na kila alipokwenda kliniki sista alimuuliza, naye akajibu nini? "Niko sawa kabisa." Akamaliza dozi yote bila kusema neno. Alidhani vidonge vikiisha mikono itarudi, lakini ilirudi nusu. Ngozi iliyoota ilikuwa nyembamba kama utando wa maziwa. Ilipasuka kwenye mikunjo, iliuma kwa maji baridi, iliuma kwa maji moto, na asubuhi za mwezi wa saba, ukungu ukiwa umekaa mlangoni, hakuweza hata kufunga vifungo vya sweta. Nilikuwa namfungia mimi.

Sasa niwaeleze kuhusu mstari, kwa sababu bila kuuelewa mstari hamtaelewa kitu.

Kanisa letu likimaliza ibada hakuna mtu anayejiendea tu. Baada ya baraka pasta hutoka kwanza, watu wakiimba, akasimama nje kando ya mlango. Anayemfuata humsalimia kwa mkono, kisha akasimama karibu naye. Wa tatu huwasalimia hao wawili, akajipanga. Hivyo hivyo mpaka kanisa liishe. Mstari unazunguka uwanja mpaka karibu na choo, na kila mtu amemshika kila mtu mkono, hata yule mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Ni jambo zuri sana ukiwa na mikono mizima. Na salamu ya watu wa hapa si ya kugusana vidole. Ni wakulima. Mtu anakufinya, anatikisa, akikupenda anatikisa zaidi, na Mbithe alipendwa.

Alijaribu kila nafasi. Akitoka mapema, kanisa zima linampitia. Akitoka mwisho, yeye ndiye anayelipitia kanisa zima. Akikaa katikati, nusu anawafuata na nusu wanamfuata. Siku moja nilimwona kwenye benchi akipima kwa macho, anatafuta mahali pa kupenyea, na hapakuwa na mahali. Kutoka kabla ya baraka ni mambo ya vijana na ya watu waliopoa katika imani. Kukaa nyumbani ndiyo kabisa, akina mama wangekuja kumwona kabla chai yake haijapoa. Alivaa glavu za sufu mwezi wa saba na hakuna aliyeuliza. Alipozivaa mwezi wa tisa, jua limewaka, mama mmoja alimwambia huku akicheka, "Mama Mutindi, siku hizi umekuwa mtu mkubwa, hutaki kutushika hivi hivi?" Watu wakacheka naye. Mbithe akazivua palepale akampa mkono.

Kwa hivyo kila Jumapili alikwenda, akatabasamu, akafinywa. Tukifika nyumbani nilimpaka vaselini, nikamfunga vitambaa vya pamba nilivyochana kutoka shuka za mitumba, na tukagombana.

"Si useme tu," nilimwambia. "Waambie mikono inauma. Mikono si kansa."

"Imetoka wapi, kama si huko? Nikisema inauma, nimesema bado mimi ni mgonjwa. Na nikisema bado mimi ni mgonjwa..."

Alinyamaza hapo kila mara. Mwanzoni nilidhani ni aibu, kwamba hataki kumwangusha pasta mbele ya watu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba aliamini kweli. Alikuwa anaogopa kwamba neno moja likimtoka, ule uvimbe utasikia na kurudi. Nilitaka kumcheka nikashindwa. Mimi sijawahi kulala chini ya ile mashine, na sijui nikilazwa pale ningeamini nini.

Kaka yangu hakusaidia. Musyimi anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud, anakuja Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili. Kule mjini alikuwa amemwambia kila fundi na kila dereva kwamba mke wake ni muujiza unaotembea. Nilimuuliza lini mara ya mwisho ameushika mkono wa muujiza wake. Akaniambia nipunguze kelele, mke wake hajalalamika. Na ni kweli, hakuwa amelalamika. Akiwapo Musyimi, Mbithe alisonga ugali mwenyewe, mwiko ameuviringishia leso, na mimi nilikaa nje kwa sababu nikiingia jikoni ningepasuka.

Mwaka ulipotimia tangu ile picha safi, pasta akatangaza ibada ya shukrani. Wageni wangekuja kutoka Kabati, kanisa alikobatizwa, pamoja na mama yake mzazi, Kasyoki. Mbuzi wakatolewa. Na akina mama wakaamua kwamba wageni watakula muthokoi wa kutwanga, si wa mashine, ingawa mashine ya kukoboa iko pale njia panda na ngurumo yake tunaisikia kila siku. Wa mashine hauna ladha, walisema. Wakaja uani kwetu na vinu na michi na nyimbo zao. Na nani angeanza? Mwenye shukrani mwenyewe.

"Leo ni sherehe yake," nikasema. "Wacheni apumzike, nitaanza mimi."

"Nduku, wewe hutwangi, wewe unabisha hodi," mmoja wao akasema, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mbithe alicheka pia. Kisha akaushika mchi.

Alitwanga. Wimbo ulipopanda, mchi ulipanda, na mimi nilikuwa nimeketi na ungo mapajani nikimtazama mdomo, jinsi alivyoubana. Walipokezana, akapumzika, akaitwa tena. Mara ya pili alipouachia mchi, mama aliyekuwa akichota mahindi kwenye kinu akasema, "Hii mbona iko na rangi rangi?"

"Ni maganda," Mbithe akasema haraka. "Tulichanganya na yale mahindi mekundu." Alikuwa amekwisha kuficha mkono ndani ya leso.

Nikasimama, nikaenda nikaangalia. Mchi ulikuwa umelowa pale aliposhika. Nikakiinua kinu chote, kizito namna ile, nikayamwaga mahindi kwa kuku. Wanawake wakapiga kelele, wakaniuliza kama nimeingiwa na wazimu siku ya furaha. Nikasema nimeona dudu ndani, kubwa. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani kati yao wote.

Nilimfuata nyuma ya jikoni. Nikamwambia naenda kuwaambia sasa hivi, na kama pasta ana neno aje anieleze mimi. Mbithe akanishika mkono ili nisiende. Alisahau, akanishika kwa nguvu zake za zamani, akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa hata alipokuwa anajifungua.

"Nduku, nina watoto," akasema. "Usiuite."

Nikabaki pale. Ungefanya nini na neno kama hilo? Niliosha ile mikono kwa maji ya chumvi vuguvugu, nikaifunga, akavaa kitenge cha mikono mirefu, tukarudi uani, na mimi nikatwanga vibaya mpaka jioni huku wakinicheka.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wa Kabati waliimba, wa kwetu wakajibu, pasta akahubiri juu ya wale kumi walioponywa na mmoja tu akarudi kushukuru. Mbithe alipewa maikrofoni. Niliomba, na mimi si mtu wa kuomba kwa bidii, niliomba aseme. Akasema, "Bwana asifiwe. Mimi nimepona," akairudisha. Musyimi alipangusa macho kwa leso ya mfukoni. Kwenye mstari siku hiyo walimsimamisha wa pili, baada ya pasta, ili kila mgeni na kila mwenyeji aguse kile ambacho Mungu ametenda. Pasta alisema hivyo hasa. Guseni, muamini.

Nilisimama wa tatu, nikamsikia akipumua. Mama yake alikuja na fimbo yake, akampa mkono, kisha akasimama. Mstari wote nyuma yake ukasimama. Yule mama mzee aliutazama ule mkono ndani ya wake kwa muda, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Mbithe, hii ngozi ni ya nani?" akauliza polepole.

"*Vai thĩna, mwaitu*," Mbithe akamjibu kwa Kikamba. Hakuna shida, mama.

Kasyoki alimtazama pasta, akamtazama binti yake, akaendelea na mstari. Mzee anajua akidanganywa, lakini ungemfanya binti yako muongo mbele ya makanisa mawili? Aliposhika mkono wangu mimi aliufinya sana.

Wiki iliyofuata Mbithe alikuwa na kliniki. Nilimsindikiza mimi, kwa sababu Musyimi alikuwa anapokea saruji dukani. Sista wa pale anaitwa Gakenia, mwanamke wa makamo mwenye miwani, mpole, wa maneno machache. Alimpima shinikizo la damu, akamuuliza chakula, usingizi, choo. Kisha akauliza, "Na mikono na miguu? Iko aje?"

"Iko sawa kabisa, sista. Mungu ni mwema." Mikono ilikuwa chini ya leso.

Hapo nilifika mwisho. "Si kweli," nikasema.

Mbithe akanigeukia. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha anipige. Sista aliweka kalamu chini akangoja. Nikaeleza yote: vidonge, ngozi, mchi, mstari. Nilisema haraka kabla sijakatazwa. Nilipomaliza, Mbithe alikuwa akitazama ukuta. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka iandikwe vizuri:

"Sista, mimi sijasema kitu. Ni yeye amesema."

Akatoa mikono chini ya leso, akaiweka juu ya meza, viganja juu.

Ningecheka kama si kwamba nilikuwa nalia. Mdomo wake ulikuwa safi. Mimi ndiye niliyekiri, mimi ambaye sikuwa na ugonjwa wa kurudi.

Gakenia aliitazama ile mikono bila kuigusa. "Mama, ungetuambia ukiwa bado kwa dawa, tungekupumzisha kidogo, tupunguze dozi. Watu wengi tunawapunguzia. Haingefika hapa."

"Mngepunguza, na ugonjwa haungerudi?"

"Tunapunguza kwa sababu tunajua bado dawa inafanya kazi."

"Siulizi dawa. Nauliza kusema. Mtu akisema anaumwa."

Sista hakuelewa, ikabidi nimweleze mafundisho ya pasta wetu, na nilijaribu kuyaeleza bila matusi. Alivua miwani. "Mimi pia naenda kanisa," akamwambia Mbithe. "Wagonjwa wangu nawaombea kwa majina. Lakini ugonjwa hauna masikio, mama. Kama kunyamaza kungekuwa dawa, hapa pangekuwa patupu."

Alimwandikia krimu, akampa glavu nyeupe za pamba za kuvaa siku nzima, akamwambia asitwange, asikamue nguo, asishike jembe kwa sasa, na asikubali mtu amfinye mkono. Ngozi itapata nguvu polepole, alisema. Labda si yote. Labda ule weusi na ule uchungu wa baridi utakaa naye, hakutaka kumdanganya.

Tuliposhuka Sultan Hamud tuliingia hoteli moja ndogo kunywa chai. Mbithe hakuigusa yake. Alikuwa amevaa glavu mpya, ameziweka mezani, anaziangalia.

"Kwa hivyo niliumia bure," akasema.

Nilitamani sista angekuwa mkali, angekuwa mjinga, tuwe na mtu wa kumlaumu. Niliipuliza chai yake mpaka ikapoa nikamnywesha mimi, watu wakitutazama, nami nikiwatazama mpaka wakageuka.

"Jumapili utasema wewe?" akaniuliza. "Kama pale kwa sista. Mimi siwezi, wifi. Mdomo umeshazoea."

Nikamwambia nitasema, na nitasema vizuri. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimeingoja hiyo kazi mwaka mzima.

Jumapili tulitoka kanisani katikati ya watu, mimi mbele, yeye nyuma yangu na glavu zake nyeupe. Pasta Mulinge alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. "Pasta, usimshike," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Dawa ya kansa ilimchoma ngozi. Akifinywa inapasuka, na imekuwa ikipasuka kila Jumapili hapa hapa."

Pasta aliurudisha mkono kana kwamba ameugusisha kwenye sufuria ya moto. Uso wake ulionyesha huruma ya kweli, siwezi kumnyima hilo. "Pole sana, Mama Mutindi. Hukutuambia," akasema, na mkono akautia mfukoni mwa koti.

Tukaendelea. Nilimwambia anayefuata, na anayefuata, lakini baada ya watu wachache sikuhitaji kusema, kwa maana habari ilitutangulia. Niliona mikono ikienda nyuma ya migongo kabla hatujafika. Watu walisema pole. Walisema kwa upole, kila mmoja, pole mama, pole sana, na kila mmoja alirudi nyuma nusu hatua kumpisha. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu na sketi. Wimbo ukafifia, maana waimbaji walikuwa wananong'ona, na mahali fulani mbele yetu nikasikia mtu akisema, "Kumbe bado."

Nilikuwa natembea kama askari aliyeshinda vita, mpaka nikageuka kumwangalia. Mbithe alikuwa ameinua mikono yake kidogo mbele ya kifua, na ile mikono ilikuwa imebaki hivyo hewani. Hakuna aliyemgusa, hata begani, hata kiwiko. Watu waliomlimia mbaazi, waliofunga kula kwa ajili yake. Alipita mbele ya kanisa zima kama maiti inavyopitishwa, na wao wakitikisa vichwa.

Tulipofika mwisho wa mstari nilitafuta neno la kumwambia. Hakuningoja. Alivua glavu, moja, ya pili, akanitupia, akarudi mpaka mlangoni mwa kanisa alikosimama pasta. Nilimkimbilia.

"Pasta, nisalimie," akasema.

"Lakini, Mama Mutindi, mikono..."

"Nisalimie."

Pasta alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye ruhusa. Sikusema kitu, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kukosa la kusema. Kisha akautoa mkono mfukoni, akaushika wa Mbithe vile watu wa hapa wanavyoshika, akautikisa. Niliona uchungu ukimpanda Mbithe mpaka machoni. Alitabasamu.

"Nimepona," akamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na mstari wote, akasogea kwa mtu wa pili akampa mkono, na wa tatu, na watu wakaanza tena kuimba. Mimi nilimfuata nyuma nimeshika glavu.